Aliyeshindwa Alale Wapi?

Jiko la mkaa la Mama liko chini ya mwembe, kando ya barabara inayotoka Koboko mjini, hapa Uganda, kwenda mpakani Oraba. Malori ya Sudan Kusini yakipita, kila mwenye kikombe hukifunika kwa kiganja mpaka vumbi litulie, kisha mazungumzo huendelea pale yalipoachwa. Wanaokaa hapo jioni ni walewale. Yuko Afande, mzee aliyevaa sare ya jeshi kabla ya 1979 na ambaye mji mzima unamwita hivyo mpaka leo. Yuko Mwalimu, mwanamke anayefundisha historia sekondari. Yuko Kijana, muuza petroli ya Kongo kwa chupa na madumu. Na Mama mwenyewe, mkimbizi kutoka Yei, husikiliza akiwa ametupa mgongo, mikono ndani ya unga.

Nimekaa nao jioni nyingi. Maneno yao nimeyakusanya hapa kama ya jioni moja, kwa sababu kwa kweli walikuwa wakijadili jambo moja tu: serikali huangushwa na nini, na kwa nini ikianguka wengine hupata nchi na wengine hupata njia ya kukimbia.

KIJANA: Mimi nasema ni njaa. Mtu akikosa kabisa haogopi tena. Sudan walianza na mkate. Desemba 2018 bei ilitoka pauni moja ikafika tatu, watu wa Atbara wakaingia barabarani tarehe 19, na Aprili iliyofuata Bashir hayupo. Miaka 30 alikaa, mkate ukamtoa.

MWALIMU: Kama njaa peke yake inaangusha serikali, mwanangu, sisi wa West Nile tungekuwa tumeangusha ngapi? Njaa inaleta hasira, hilo nakubali. Lakini hasira ikikuta wenye nguvu bado wameshikamana, inaishia makaburini. Hilo babu zetu walilijua kwa Yakan.

KIJANA: Yakan ipi, Mwalimu?

MWALIMU: Unaona? Tunafundisha Ufaransa 1789, yetu hatuifundishi. Nchi hii ilikuwa ya Leopold wa Ubelgiji, ikapewa Sudan mwaka 1910, ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, na mwenyeji hakuulizwa hata mara moja. Kila mkoloni alikuja na kodi yake na machifu wake. Akatokea Rembe, Mkakwa, nabii. Aliwapa watu maji ya kunywa, maji ya Yakan, akisema risasi hazitawadhuru na wageni wataondoka. Kusini ya Tanganyika Kinjikitile alikuwa amefanya jambo lilelile mwaka 1905, vita vya Maji Maji. Rembe alikamatwa, akanyongwa Yei mwaka 1917.

MAMA: Yei kwetu?

MWALIMU: Yei kwenu, Mama. Miaka miwili baadaye watu waliokuwa wamekunywa yale maji waliinuka, wakapigwa risasi. Sababu walikuwa nazo, tena nyingi. Ujasiri walikuwa nao. Hata umoja walikuwa nao, maana maji yale yaliwaunganisha watu wa koo zilizokuwa zinapigana. Lakini Mwingereza alikuwa hajagombana na askari wake. Hapakuwa na ufa.

AFANDE: Hapo umesema. Ufa uko kambini. Raia hutazama ikulu, sisi tulitazama mahali mshahara unapolipwa.

Afande akianza kuzungumza juu ya kambi huweka kikombe chini. Alijiandikisha akiwa hajafika miaka 20, na anasema jambo la kwanza alilofundishwa na wakubwa zake halikuwa kulenga shabaha. Ilikuwa hadithi ya Jinja.

AFANDE: Januari 1964. Zanzibar ilipinduka tarehe 12. Tarehe 20 askari wa Tanganyika wakaasi, tarehe 23 wa Jinja nao wakaasi, wakamshika Waziri Onama mpaka akubali mishahara ipande. Waingereza waliitwa kutuliza, lakini mishahara ilipanda kweli. Mimi nilikuta hadithi hiyo ikisimuliwa kambini kama baba anavyomsimulia mtoto urithi. Tulielewa kwamba serikali ukiitikisa, inatoa. Nyerere hakufanya hivyo. Yeye alivunja jeshi lote, akaunda jingine. Obote alitulipa. Miaka saba baadaye, 25 Januari 1971, alikuwa Singapore mkutanoni, na kabla hajarudi nchi ilikuwa mkononi mwa Amin, mkubwa wetu.

MWALIMU: Na huko Zanzibar ni habari hiyohiyo. Uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya nusu, lakini viti 13 kati ya 31. Hasira ilikuwapo. Ila hasira hiyo ilipata mkono pale serikali mpya ilipowafukuza kazi polisi wa kutoka bara. Wale waliijua ghala ya silaha kuliko wenye serikali walivyoijua. Ethiopia nako, mwaka 1974, askari wa Negele waliasi kwa ajili ya maji. Pampu yao iliharibika, maofisa wakawanyima kisima chao. Kufika Septemba, Haile Selassie kashushwa. Huyo mfalme alistahimili njaa ya Wollo iliyoua watu wengi sana. Hakustahimili askari wenye kiu.

KIJANA: Kwa hiyo mnasema wananchi si kitu?

MWALIMU: Nasema wananchi hutikisa mti. Tunda linaangukia mkono wa nani, hilo ni swali lingine.

Nilimuuliza Afande kama ile ya 1971 anaiita mapinduzi. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Jenerali akimtoa rais usiku, tunasema mapinduzi. Taifa zima likibadili namna linavyoishi, tunasema mapinduzi pia. Mwalimu anaona huo ni umaskini wa lugha. Mimi sina hakika. Naona neno hilo linatuonya, kwa kuwa asubuhi ya kwanza mambo hayo mawili hufanana kabisa: redio inapiga muziki wa bendi ya jeshi, na barabarani watu wanashangilia. Kampala ilishangilia mwaka 1971. Ikashangilia tena mwaka 1979.

MAMA: Si mnasema kupindua? Mimi napindua chapati hapa kutwa. Upande uliokuwa juu unakwenda kwenye moto, uliokuwa kwenye moto unakuja juu. Kikaango kilekile. Mkono uleule.

AFANDE: Mama, na mafuta yaleyale. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, siku 90, maduka yao yalipewa watu. Walionenepa tuliwaita mafuta mingi. Wengine walitoka kwetu huku, sikatai. Lakini mkulima wa Koboko alilima muhogo uleule, akatafuta chumvi na sabuni ya magendo.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mafuta mingi, magendo, wakombozi, panda gari, kadogo: kamusi ya misukosuko ya Uganda ni ya Kiswahili. Wakombozi ndio walivyoitwa Watanzania mwaka 1979. Panda gari ilikuwa amri, zama za utawala wa pili wa Obote, ya kuwapakia watu kwenye malori wakahojiwe. Kadogo ni mtoto aliyebeba bunduki pamoja na jeshi la Museveni. Ndiyo maana Waganda wengi walikua wakikiogopa Kiswahili, wakikiita lugha ya askari. Hapa Koboko tulikifanya lugha ya soko na ya chai, pamoja na Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Lingala na Kiarabu cha Juba. Lakini makovu yake tunayajua.

KIJANA: Basi kuna yaliyofaulu au hakuna? Museveni alianza Kabamba, 6 Februari 1981, na bunduki 27. Nyinyi wenyewe mlitufundisha shuleni.

MWALIMU: Yalifaulu, ndiyo, na tuseme kwa haki kwa nini. Alipoingia msituni Luwero, hakuwaacha wakulima wakae tu kama watu wa kuombwa chakula. Palikuwa na mabaraza ya vijiji, watu wakichagua wenyewe. Askari aliyemdhulumu raia aliadhibiwa, na raia akaona. Palikuwa na mpango wa nukta kumi, mtu akaweza kuuliza tunapigania nini akajibiwa. Hilo Simba wa Kongo hawakuwa nalo. Mwaka 1964 walishika karibu nusu ya nchi, mpaka Aru hapo ng'ambo, wakiwa na dawa ya maji kama ya Rembe, lakini wakubwa wao walikuwa wanazunguka miji mikuu ya watu huku wapiganaji wakiachwa peke yao. Mwaka uliofuata wakawa wamekwisha.

AFANDE: Ongeza na ufa, Mwalimu. Jeshi la Obote lilipasuka lenyewe. Kamanda wake Oyite Ojok alikufa kwa helikopta Desemba 1983, na baada yake Waacholi na Walango hawakuweza kukaa chungu kimoja. Julai 1985 akina Okello wakampindua Obote. Januari iliyofuata Museveni akaingia Kampala. Aliyesukuma mlango alikuta komeo limeshavunjika.

Kuhusu sababu za kuanguka kwa serikali, basi, walikuwa wamekaribiana. Nilidhani mjadala umekwisha. Mwalimu ndiye aliyeufungua upya, kwa swali ambalo hakulielekeza kwa mtu: je, ya 1979 yalifaulu? Amin alianguka. Tarehe 11 Aprili Kampala ilikombolewa, tarehe 3 Juni Watanzania wakafika mpaka wa Sudan, huku kwetu, vita vikaisha. Kwa vitabu vingi habari inaishia hapo. Kwa Koboko ndipo ilipoanzia.

AFANDE: Watanzania walipofika, mimi nilikuwa nimeshavuka. Waliobaki wanawasema vizuri mpaka leo, kwamba walikuwa na nidhamu. Baadaye wakaja wa jeshi jipya la Uganda. Sasa nisikilizeni, maana hili vijana hawaambiwi. Wengi wa wale walikuwa Waacholi na Walango. Mwaka 1971 ndugu zao waliuawa kambini, na waliowaua ni sisi. Sisemi mimi kwa mkono wangu. Nasema sisi. Nilikuwa nimevaa sare hiyohiyo. Walikuja na deni, na wenye deni tulikuwa tumevuka mpaka.

MWALIMU: Wakalipwa na waliobaki.

AFANDE: Oktoba 1980 wenzetu walirudi kutoka Sudan na bunduki, wakaichukua Koboko, wakaichukua Arua, wakashindwa kuishika. Jeshi likaja kulipiza. Aliyekuwa na bunduki alijua njia ya kurudi Sudan. Aliyebaki ni mama, mzee na mtoto. Watu wakavuka kwa malaki, wengine Zaire, wengine Sudan. Na Juni 1981, tarehe 24, pale Ombaci karibu na Arua, watu waliokuwa wamejificha ndani ya misheni ya Wakatoliki walipigwa risasi humohumo. Hao hawakuwa na uhusiano wowote na ikulu ya Amin. Walikuwa na makosa ya kuzaliwa huku.

Alinyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema, kwamba mke wake aliichoma sare yake kwenye mafiga ya jikoni kabla jeshi halijafika. Kitambaa kiliungua mara moja, lakini vifungo vya shaba vilikataa. Alivichambua kwenye majivu usiku, kimoja kimoja, akivihesabu, kwa sababu alijua ni vingapi na kimoja tu kikionekana asubuhi kingetosha kuua nyumba nzima. Akavitumbukiza chooni.

Ni kwa ajili ya vifungo hivyo naandika makala haya. Wataalamu wengi hupima mapinduzi kwa anayeingia ikulu. Mimi naona kipimo kiko hapa, mwisho wa barabara, kwa watu wa upande ulioshindwa. Ya 1979 yalikuwa na haki ya kumwangusha Amin. Sijui mtu mwenye akili anayelipinga hilo. Lakini hayakuwa na mahali pa kumweka Mkakwa au Mlugbara wa kawaida isipokuwa ng'ambo ya mpaka. Kampala ilikuwa ikigombea kiti, Lule siku 68, kisha Binaisa, kisha Kamisheni ya Kijeshi, na katika kugombea huko hapakuwa na aliyesimama kusema kwamba wilaya si mhalifu. Matokeo yake yalikuwa vita vipya, na vingine juu yake.

MWALIMU: Linganisha na 1986. Jeshi la Museveni lilipokuja huku, wapiganaji wa huku chini ya Moses Ali walikuwa wamezungumza, wazee nao wamezungumza, na West Nile haikuona damu kama ile ya 1980. Waliokuwa ukimbizini wakaendelea kurudi. Lakini Acholi, waliokuwa wameshindwa safari hiyo, mambo yalikuwa mengine. Agosti mwaka huohuo vita vilianza kwao, wakaja waasi wa Lakwena na Kony, miaka 20. Serikali moja, mwaka mmoja. Huku palikuwa na mazungumzo, kule hapakuwa.

KIJANA: Si kweli kwamba huku palitulia, Mwalimu. Baba yangu aliingia msituni mwaka 1996 na kundi la Juma Oris. Hakuwa mtu wa siasa. Hakuwa na kazi, alikuwa na mke, na waliahidi pesa. Hakurudi.

Kila mtu alitazama chini. West Nile Bank Front, kundi hilo la Oris, ilikuwa na kambi zake Sudan, kwa msaada wa Khartoum. Machi 1997 SPLA, wapiganaji wa kusini ya Sudan, waliposhambulia na kuteka Kaya na Yei, kundi lile lilisambaratika, na wengi waliuawa barabarani wakikimbia.

MAMA: Mimi nilikuwa msichana Yei mwezi ule.

Kijana hakumuuliza aliona nini, na Mama hakusema. Alipindua chapati iliyokuwa inaanza kuungua, akaiweka kwenye sahani ya Kijana bila kuulizwa.

MAMA: Sisi tulishinda, mnajua? SPLA ile ndiyo yetu. Tulipigana, tukapiga kura, tarehe 9 Julai 2011 tukapandisha bendera Juba. Nililia mpaka sauti ikakauka. Desemba 2013 wakubwa wakaanza kupigana wao kwa wao, na 2016 moto ukafika Yei. Nikachukua barabara hii hii. Afande ananiambia yeye aliipita akija kwetu mwaka 1979, na bibi zetu waliwapa sehemu za kulima. Sasa mimi nauza chai kwenye ardhi ya watoto wake. Kwetu hapakuwa na adui aliyetushinda. Walioshinda waliulizana nani ale kwanza.

MWALIMU: Khartoum ni hivyohivyo. Bashir alianguka 11 Aprili 2019, miaka 40 kamili tangu Kampala ianguke. Na 3 Juni, tarehe ileile Watanzania walipofika mpaka wetu, askari wa Khartoum wakaua vijana waliokuwa wamekaa mbele ya makao ya jeshi. Vijana wale walikuwa wamejipanga vizuri kuliko wengi, kamati kila mtaa. Lakini majenerali walimtoa Bashir ili wao wabaki. Oktoba 2021 wakachukua vyote. Aprili 2023 wakageukiana, na nchi ikaungua.

KIJANA: Samahani, Mwalimu, na wewe Afande, nakuheshimu kama baba. Lakini kila mkimaliza kusimulia, maana yake kwangu ni moja: kaa kimya. Nimezaliwa rais yuleyule, nimekua rais yuleyule. Kikomo cha mihula waliondoa 2005, kikomo cha umri 2017. Nina cheti, nauza petroli. Mkisema vita, mimi nasema sitaki vita. Wenzangu wa Kenya, Juni 2024, hawakuwa na bunduki hata moja. Tarehe 25 waliingia bungeni, tarehe 26 muswada wa fedha ukaondolewa. Hofu yenu mmeifanya kuwa sheria yetu.

Sikutegemea Mwalimu anyamaze, lakini alinyamaza kitambo.

MWALIMU: Una haki. Tumewalea kwa hadithi za kuwatisha. Na wanaotawala wanazipenda hadithi hizo, maana zinawafanyia kazi bila mshahara. Lakini Kenya, mwanangu, vijana walikufa siku ile, na waliofanikiwa kuzuia sheria hawakuwa na mtu wa kukaa mezani kudai lingine.

KIJANA: Mtu wa mezani hununuliwa.

MWALIMU: Hununuliwa, ndiyo. Lakini tarehe 24 Desemba 2002, Yumbe, watu walikaa mezani na kundi la waasi la Bamuze, UNRF ya pili, na tangu siku hiyo West Nile haijasikia vita vyake yenyewe. Hakuna aliyeshangilia Kampala. Hakuna sikukuu. Mimi naihesabu kuwa siku kubwa kuliko ile ya 1979.

Kwa hili namuunga mkono Mwalimu kwa moyo wote, ingawa najua haliwezi kumtosha kijana mwenye cheti na madumu ya petroli. Mkataba wa Yumbe ulimpa aliyeshindwa mahali pa kulala. Haukumpa Kijana kazi, wala kura yenye uzito. Anayesema amani inatosha akae siku moja juani kwenye kile kibanda chake.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Kijana alimgeukia Afande, safari hii bila ukali.

KIJANA: Ungekuwa na umri wangu, ungeanzia wapi?

AFANDE: Yule askari wa kizuizi cha barabarani hapo mbele, unamjua?

KIJANA: Tulisoma pamoja mpaka darasa la saba. Ameshanikamata na mafuta mara mbili. Tunasalimiana tu.

AFANDE: Ningeanzia kwake. Si siku ya maandamano, siku hiyo atakuwa amechelewa na wewe umechelewa. Kesho, akiwa amekaa. Mjue anakula nini, anamwogopa nani. Halafu ningetafuta yule atakayeshindwa, mwenye wadhifa, mwenye familia, nimwambie mapema tutakufanya nini na hatutakufanya nini. Sisi mwaka 1971 hatukumwambia mtu. Na sisi mwaka 1979 hatukuambiwa.

MAMA: Na mimi? Siku hiyo mkishinda, mimi nitakuwa nani hapa?

KIJANA: Wewe? Wewe ni mama yetu.

MAMA: Yei nako waliniita hivyo.